Kupe niliyemtoa kwa mwanangu ni yule wa kulungu? Na je, ataugua?

Swali limetoka kwa mama mmoja anayeishi Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Anaandika:

"Sisi tumetoka Kivu Kusini, tuna miaka mitatu hapa. Jumamosi mchana watoto walicheza nyuma ya nyumba, penye miti. Jumapili jioni, nikimwogesha kijana wangu wa miaka minane, nikaona nukta nyeusi nyuma ya goti. Nilidhani ni uchafu, kumbe ina miguu. Jirani aliniambia nimchome na kiberiti. Baba yake anasema kupe ni kupe tu, kwetu tulikua nao kwenye ng'ombe na hatukufa. Mimi nilimtoa kwa kibano cha nyusi, nimemweka kwenye chupa, na picha yake nimewatumia. Je, ndiye huyu kupe wa kulungu wanayemsema shuleni? Mtoto ataugua? Na hilo duara jekundu wanalolitaja, kwenye ngozi yetu nyeusi nitalionaje?"

Dada yangu, siku ile ulipoandika nilikutumia mistari mitatu tu: usimchome, mpigie daktari wa mtoto kabla ya Jumatano jioni, na huyo kupe usimtupe. Leo nakujibu kwa marefu, maana swali lako wanalo akina mama wengi wa kwetu walioko Maine, Vermont, Connecticut na New York, na wengi hulimeza kwa kuwa daktari ana haraka na mkalimani hayupo.

Nianze na maneno ya shemeji, kwa sababu hata mimi niliwahi kuwaza hivyo hivyo. Mimi ni daktari wa mifugo. Nilisomea Morogoro, nikafanya kazi miaka mingi kwenye majosho ya ng'ombe, na kupe wa Marekani nimewajua ukubwani. Shemeji amesema kweli, lakini nusu. Yule kupe wa kahawia anayeng'ang'ania sikio la ng'ombe huleta ndigana kali, na ndama anaweza kufa ndani ya wiki mbili au tatu. Mchungaji akiumwa na kupe huyo huyo, ndigana kali haimpati, kwa kuwa vimelea wake hawaishi ndani ya mtu. Ndiyo maana mlikua nao na hamkufa. Lakini hata kwetu yupo ndugu yake asiyechezewa, papasi, anayejificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo na kutoka usiku. Homa ya papasi, ile inayokuja, ikaondoka, ikarudi, ilimuua daktari Mwingereza Joseph Dutton pale Kasongo, Kongo, mwaka 1905, akiwa katika kuichunguza homa hiyo hiyo. Kwa hiyo kupe si kupe tu. Kila mmoja ana mzigo wake, na kazi ya kwanza ni kumjua uliyemshika ni nani.

Sasa picha yako. Watu wengi hutazama tumbo la kupe, na tumbo ndilo linalodanganya, maana hubadilika kila saa anapokunywa. Wewe tazama ngao. Ni kile kipande kigumu kinachong'aa, nyuma tu ya kichwa. Dume ngao yake hufunika mgongo mzima, ndiyo sababu hawezi kuvimba. Jike na kupe wachanga, ngao hufunika sehemu ya mbele peke yake, na nyuma yake kuna ngozi laini inayotanuka kama mfuko. Ngao haitanuki hata kupe ashibe kiasi gani, na rangi yake haipotei.

Kupe wa kulungu, ambaye wataalamu humwita kupe wa miguu myeusi au kwa jina la kisayansi Ixodes scapularis, ana ngao ya rangi moja, kahawia iliyokolea hadi karibu nyeusi, bila doa jeupe hata moja. Miguu yake ni myeusi na domo lake ni refu na jembamba. Jike mkubwa ana rangi ya tofali jekundu nyuma ya ngao. Dume ni mweusi mwili mzima. Ukingo wa nyuma wa mwili wake ni laini. Mtazame kupe wa mbwa, ambaye naye ni mwingi huko kwenu: ni mkubwa zaidi, ngao yake ina michoro myeupe kama chokaa iliyodondoka, na ukingo wake wa nyuma una vigawanyo vidogo vidogo kama marinda ya sketi. Huyo haambukizi ugonjwa wa Lyme, yaani ule wa duara jekundu unaoletwa na kupe wa kulungu, ingawa ana yake mengine. Yuko na wa tatu, ambaye jike wake ana nukta moja nyeupe katikati ya mgongo. Ni wa kusini zaidi lakini anapanda kaskazini mwaka hadi mwaka. Naye haambukizi Lyme, ila anaweza kumwachia mtu mzio wa nyama nyekundu, akila ng'ombe au mbuzi avimbe mwili saa kadhaa baadaye. Sisi wa maabara humalizia kwa kumgeuza kupe chali chini ya darubini: jamii ya Ixodes wana mfereji mdogo unaopita mbele ya mkundu, wengine wote unapita nyuma. Hilo huna haja ya kulitafuta.

Kwenye picha yako nimehesabu miguu minane, kwa hiyo si lava, yaani kupe aliyetoka tu kwenye yai, maana lava ana sita. Ngao ni nyeusi tupu, miguu ni myeusi, na ukubwa, kwa kuulinganisha na sarafu uliyoweka kando, haufiki milimita 2. Ni kupe wa kulungu, dada, na ni tunutu, yaani kupe kijana aliyepita hatua ya lava lakini bado hajakomaa. Wamarekani humfananisha na mbegu ambayo wengi wetu hatuijui. Wewe chukua mbegu moja ya mchicha uiweke kiganjani, ndiye huyo. Jike mzima asiyekula ni kama punje ya ufuta. Akishiba hugeuka kijivu na kufanana na mbegu ya mbarika, na hapo watu hudhani ni kupe wa aina nyingine kabisa. Ukitaka uthibitisho wa mkono wa pili, Chuo Kikuu cha Maine kina maabara ya kupe huko Orono ambako mkazi wa jimbo anaweza kupeleka kupe atambuliwe.

Tunutu ndiye anayewaambukiza watu wengi zaidi, ingawa si yeye mwenye ugonjwa zaidi. Kaskazini-mashariki ya Marekani, kiasi cha kupe mmoja kati ya wanne au watano wa umri huu hubeba bakteria wa Lyme, na kwa wakubwa inaweza kufika nusu yao. Lakini mkubwa huonekana akatolewa. Tunutu hutafuta damu kuanzia Mei hadi Julai, watoto wakiwa na kaptula nje, na hakuna anayemhisi anapouma.

Jina lake limemsingizia kulungu. Kupe huyu huzaliwa msafi. Akiwa lava hunywa damu ya panya mdogo wa miguu myeupe anayejaa kwenye misitu hiyo, na kwa panya huyo ndiko anakookota bakteria. Kulungu hamwambukizi kupe. Kazi yake ni kumlisha jike mkubwa ashibe, kisha aanguke chini kutaga mayai kwa maelfu. Kwa hiyo usihesabu usalama kwa kuwa hujamwona kulungu. Penye majani makavu yaliyorundikana, vichaka na panya, kupe yupo, hata nyuma ya nyumba za kupanga mjini.

Swali lako la pili, ataugua? Hapa kinachoamua ni saa. Bakteria wa Lyme hukaa tumboni mwa kupe, si mdomoni. Damu yenye joto ikiingia ndipo wanapoamka, wakaongezeka, wakasafiri hadi kwenye tezi za mate. Safari hiyo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa 24, na hatari hupanda sana baada ya saa 36. Kijana wako alicheza Jumamosi mchana na wewe ulimtoa kupe Jumapili jioni: tuseme saa 29 ikiwa alimdandia dakika ya kwanza. Na kwenye picha tumbo ni bapa, hajashiba. Hatari ipo, lakini ni ndogo.

Miongozo ya madaktari wa Marekani husema dozi moja ya doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, inaweza kutolewa kama kinga endapo mambo haya yamekutana: kupe ni wa aina hii, eneo ni lenye ugonjwa, amekaa mwilini saa 36 au zaidi, na hazijapita saa 72 tangu atolewe. Maine ni eneo lenye ugonjwa bila ubishi, wagonjwa zaidi ya 2,500 wameripotiwa kila mwaka tangu 2022. Lakini sharti la saa 36 kwa mwanao halikutimia, hivyo daktari akikwambia tusubiri na tutazame, hajakudharau wala hajabana dawa kwa sababu mmekuja juzi. Ndiyo kanuni. Ninachokusihi ni kimoja: usimpe vidonge vilivyobaki kabatini au alivyoleta shangazi kutoka nyumbani. Dozi isiyo kamili haimkingi, na inaweza kumchanganya daktari baadaye.

Sasa ngozi, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndiko watu wetu wanakoumia.

Kati ya watu kumi walioambukizwa Lyme, saba au wanane hutokewa na baka mahali walipoumwa. Hutokea kati ya siku ya 3 na ya 30, mara nyingi karibu na siku ya 7, na tabia yake kubwa ni kutanuka. Uwekundu mdogo unaotokea siku ile ile na kutoweka ndani ya siku mbili ni hasira ya ngozi kwa mate ya kupe, si Lyme. Baka la Lyme huenea pole pole siku hadi siku, linaweza kufika sentimita 30, lina joto kidogo ukiligusa, na kwa kawaida haliwashi wala haliumi. Kwenye vitabu linachorwa jekundu lenye duara ndani ya duara, kama shabaha ya mishale. Hata kwa Wazungu, mara nyingi haliji na hilo duara. Kwenye ngozi yetu linaweza kuwa la zambarau, la kahawia iliyokoza, au kama mahali palipovilia damu. Mama akitafuta wekundu hataona, na daktari aliyefundishwa kwa picha za ngozi nyeupe naye hataona. Tafiti za huko huko Marekani zimeonyesha kwamba wagonjwa weusi hugundulika kwa kuchelewa zaidi, wakiwa tayari wamevimba viungo au neva zimeguswa. Nimeshuhudia mwenyewe: kijana mmoja wa kwetu, baka limeenea ubavuni kama sahani, kliniki moja ikamwambia ni fangasi ikampa mafuta ya kupaka. Miezi mitatu baadaye goti lilikuwa kama boga.

Kwa hiyo usitafute rangi, tafuta mwendo. Kila jioni baada ya kuoga, kaa naye dirishani kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa ya njano. Pitisha kiganja nyuma ya goti na kulizunguka ulisikie joto. Ukiona sehemu yoyote imebadilika, izungushie mstari wa kalamu pembeni kabisa, weka sarafu kando, piga picha. Kesho yake piga tena. Ikiwa baka limeuvuka mstari, nenda na picha zote kwa daktari siku hiyo hiyo. Na uangalie mwili mzima, maana baka la pili linaweza kutokea mbali na alipoumwa.

Mwenye baka hahitaji kipimo cha damu. Nasema hivi kwa sababu wengi huambiwa "kipimo hakina kitu" wakarudi nyumbani. Kipimo cha Lyme hakimtafuti bakteria mwenyewe, kinatafuta kingamwili, na mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza. Wiki ya kwanza majibu yanaweza kuwa safi na mtoto ni mgonjwa. Baka la namna hii kwa mtu wa Maine latosha kuanza matibabu, na dawa za siku 10 hadi 14 huwaponya walio wengi.

Bila baka, jihadhari na haya: homa ya kiangazi isiyo na mafua wala kikohozi, uchovu wa kupita kiasi, maumivu ya kichwa na viungo. Baada ya wiki au miezi, uso kulegea upande mmoja, mdomo ukaenda kando. Usimpeleke akaombewe kwanza, mpeleke hospitali, kisha mwombee huko. Goti moja kuvimba. Moyo kudunda ovyo, kuzimia au kukosa pumzi. Hilo ni la dharura, usingoje asubuhi.

Ugonjwa huu wenyewe ulijulikana kwa sababu ya akina mama. Mwaka 1975, karibu na mji wa Lyme, Connecticut, akina mama waliona watoto wengi mno wa mtaa mmoja wamevimba magoti. Waliambiwa ni baridi yabisi ya watoto. Hawakukubali, wakaendelea kupiga simu na kuandika majina hadi Allen Steere na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale wakaanza kuchunguza. Na aliyemwona bakteria mwenyewe, mwaka 1981, ni Willy Burgdorfer, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Montana. Alipasua kupe walioletwa kutoka Shelter Island, New York, akakuta matumboni mwao vijidudu virefu vilivyojisokota. Aliwatambua kwa sababu tasnifu yake ya ujana huko Basel ilihusu papasi wa Afrika na vijidudu wa homa ya papasi, ambao ni ndugu wa hawa. Kila nikilikumbuka hilo moyo hunijaa. Ujuzi uliowafaa watoto wa Connecticut ulianzia kwa papasi wa nyumba za udongo za kwetu, wale wale waliomuua Dutton.

Kupe huyu ana mizigo mingine. Kuna anaplasma, bakteria mwingine anayeleta homa kali ya ghafla, na doksisaiklini huitibu. Kuna virusi vya Powassan, ambavyo vinaweza kupita ndani ya dakika 15 na kushambulia ubongo. Havina dawa, lakini ni nadra, wagonjwa ni makumi machache tu kwa mwaka Marekani nzima, kwa hiyo visikunyime usingizi. Wa kukaa naye kidogo ni babesia, kimelea wa damu.

Wafugaji wa kwetu wanamjua kwa ng'ombe kukojoa damu. Aina nyingine yake inaishi kwa panya wa Amerika na humwingia mtu; wagonjwa wa kwanza wa eneo lile walitambuliwa kisiwani Nantucket mwaka 1969. Huingia ndani ya chembe nyekundu za damu kama malaria, huleta homa, baridi na jasho kama malaria, na kwenye kioo cha darubini huonekana kama kijipete, hata mpimaji akamdhania malaria. Dawa zake ni tofauti. Ukisafiri Bukavu mwezi wa sita, ukarudi, homa ikakushika Agosti, mwambie daktari yote mawili: nimetoka kwenye malaria, na ninaishi kwenye kupe. Ukitaja moja tu, atatafuta moja tu. Na ikiwa nyumbani mwenu kuna mwenye selimundu, au aliyetolewa bandama, homa yoyote ya kiangazi ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu bandama ndilo linalochuja damu yenye babesia, na kwa wagonjwa wa selimundu mara nyingi limekwisha nguvu.

Kumtoa ulimtoa vizuri. Kibano chembamba, umshike karibu kabisa na ngozi, uvute juu polepole bila kuzungusha, kisha sabuni au spiriti. Kiberiti, mafuta ya taa, vaselini, rangi ya kucha, vyote humchelewesha au humfanya ateme mate zaidi ndani ya kidonda. Kipande cha mdomo kikibaki, kiache, ngozi itakisukuma nje.

Watoto wataendelea kucheza na wasizuiwe. Wakirudi, nguo ziingie kwenye mashine ya kukausha kwa moto mkali dakika 10 kabla ya kufuliwa, maana kupe hafi kwa maji bali kwa kukauka. Waoge ndani ya saa mbili. Wakague makwapani, kitovuni, kinenani, nyuma ya masikio na magoti. Binti aliyesukwa, pitisha vidole kwenye kila mstari wa kichwa. Dawa ya permethrini hunyunyizwa kwenye viatu na nguo, kamwe si kwenye ngozi, na paka asiiguse ikiwa bado mbichi kwani humuua.

Ukienda kwa daktari omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali zinazopokea fedha za serikali ya Marekani zinatakiwa kumtoa bila malipo. Usimfanye mtoto akutafsirie ugonjwa wake mwenyewe. Sema hivi: kupe wa miguu myeusi, tunutu, alikaa pungufu ya saa 30, alitolewa Jumapili. Kwa maneno hayo daktari ana karibu kila anachohitaji.

Huyo wa kwenye chupa mmiminie spiriti, bandika karatasi yenye tarehe, mweke juu ya kabati. Weka alama kwenye kalenda siku 30 kuanzia Jumapili ile. Zikipita bila baka wala homa, mtupe. Goti na uso uendelee kuviangalia hadi majani yaanze kupukutika, na mwezi wa kumi kupe wakubwa watakapotoka, uanze tena kuwakagua.